Usiulize asilimia, uliza siku zilizobaki
Unapohuisha ratiba ya mradi wa ujenzi wa umma, usimuulize msimamizi kazi imefika asilimia ngapi. Muulize zimebaki siku ngapi. Nimeanza hivyo kwenye vikao vya wiki na ratiba imeanza kusema kweli. Zege la kalavati (mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara) likishamwagwa lote utaambiwa 90%, kumbe bado kulimwagilia maji siku 7, kutoa mbao zilizolishikilia, kufukia pembeni na kushindilia. Swali la siku humlazimisha azihesabu hizo, na kazi inayosukuma tarehe ya kukabidhi huonekana mapema. Njia hii haisaidii kwa kazi iliyosimama ikisubiri malipo au nguzo za umeme zihamishwe. Hapo siku ni za kubahatisha, kwa hiyo andika kinachokwamisha na nani wa kukiondoa.