Somo: Kumwandika mhusika mdogo katika riwaya ya fantasia

Sura mlizoleta mwezi huu zina majagina wazuri, wenye ngao na nasaba ndefu. Ila waliowazunguka kazi yao ni kuwafungulia milango tu. Leo tujifunze kwa mighani ya hapa kwetu, ya Luanda Magere, jagina wa Waluo wa Kano, karibu na Kisumu.

Mnaijua. Mwili wake ni jiwe, mikuki inadunda. Adui zake Wanandi, ambao Waluo huwaita Lang'o, wakampa binti yao awe mkewe. Siku moja akaugua, mke mkubwa hayupo, akamwomba bibi huyu amchanje ampake dawa. Wembe ukagoma kwenye ngozi. Akamwambia achanje kivuli, na damu ikatoka. Bibi akatorokea kwao na siri hiyo. Vita vilipozuka tena, mkuki ukachomwa kivulini.

Hadithi nzima imening'inia kwenye wembe wa mtu ambaye hatujui hata alipenda kula nini.

Hatua ya 1: Mpe haja yake. Jiulize angekuwa anafanya nini leo kama jagina asingezaliwa. Bibi huyu angekuwa kwao, pamoja na jamaa waliouawa na mumewe. Ukishaliona hilo, hutamwita msaliti upesi.

Hatua ya 2: Mpe kazi ya mikono. Hapa ndipo nilipokwama mwenyewe. Katika riwaya yangu kuna mama muuza omena, yaani dagaa, na kwa miswada mitatu alimwonyesha jagina njia, basi. Nikaenda asubuhi Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria pale Kisumu, nikakaa. Mama mmoja alijaza gorogoro, kopo la kupimia, akalitikisa omena zishuke, akajaza tena mpaka kikawa kilima, kisha akaongeza konzi moja. Aliyefuata alikuwa na deni la juzi. Gorogoro halikutikiswa, wala konzi haikuonekana. Niliandika hilo tu. Sasa mama yule anapomwonyesha jagina njia, msomaji ameshajua kwamba huyu hupima watu.

Hatua ya 3: Ajue jambo moja asilolijua jagina. Moja latosha.

Hatua ya 4: Akiondoka, aondoke na shughuli zake. Tafadhalini, msimuue ili jagina apate hasira ya kupigana. Nimesoma vifo vya namna hiyo vingi mno, na vinaniuma.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ni lazima apewe jina?
Jibu: Mwite wanavyomwita majirani. Kwa Waluo mke huitwa kwa alikotoka: nyar Alego, nyar Gem, yaani binti wa Alego, binti wa Gem. Ukiandika "nyar Lang'o" umeshasema kwamba yuko ugenini, na kwamba boma zima linakumbuka hivyo kila linapomwita.

Swali: Niko Nakuru. Mhusika wangu mdogo, fundi wa baiskeli, anapendwa kuliko jagina. Nimpunguze?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Rudi kwa jagina umfanyie hatua ya 1. Mara nyingi yeye ndiye hana haja yoyote ila kushinda.

Swali: Yule bibi alipofika kwao, alipokewaje?
Jibu: Simulizi nililolelewa nalo humwacha njiani, likarudi kwa Magere. Mwandikie jioni hiyo ya kwanza: nani alimfungulia, alipewa maji na nani, na ule wembe aliuweka wapi. Kurasa mbili, tuzisome Jumamosi.