Kupima MIC ya kiuavijidudu kipya kwenye sahani ya vishimo 96: hatua kwa hatua

MIC ni ukolezi mdogo kabisa wa dawa unaozuia bakteria wasionekane wakikua baada ya usiku mmoja kwenye inkubeta. Kazi yenyewe ya mikono haina ugumu mkubwa. Taabu ni kwamba namba inayotoka hubadilika kwa idadi ya bakteria, kwa madini ya mchuzi (kimiminika chenye chakula cha bakteria), kwa pH, hata kwa plastiki ya sahani. Ndiyo sababu kipimo hiki kina kiwango chake cha kimataifa, ISO 20776-1, na ndiyo sababu dutu mpya haipimwi peke yake. Siku ile ile, kwa mchuzi ule ule, pima pia antibiotiki inayojulikana. Marudio matatu yanayolingana bila kidhibiti huenda yanaonyesha tu kwamba kosa lile lile limerudiwa kwa uangalifu.

Mfano utakaotumika hapa ni Escherichia coli ATCC 25922, nasaba ya kulinganishia, na antibiotiki ya kidhibiti ni gentamisini. MIC yake kwa nasaba hii inapaswa kuangukia kati ya 0.25 na 1 mg/L. Gentamisini inafaa kwa sababu ni nyepesi kuathirika: pH ikishuka au kalsiamu ikizidi, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kukuonyesha. Kwa bakteria wa Gram-chanya (wasio na utando wa nje), tumia Staphylococcus aureus ATCC 29213 na vankomaisini, yenye kikomo cha 0.5 hadi 2 mg/L. Streptokoki huhitaji mchuzi ulioongezwa damu ya farasi, na bakteria wa kifua kikuu wana utaratibu wao. Hao hawamo katika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Mchuzi

Tumia mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa madini: kalsiamu 20–25 mg/L, magnesiamu 10–12.5 mg/L, pH 7.2–7.4 ukishapoa. Soma lebo ya unga kabla ya kuongeza chochote, maana unga mwingine umesharekebishwa kiwandani na mwingine bado. Ioni hizi hushikilia utando wa nje wa bakteria wa Gram-hasi, na dawa zenye chaji chanya hulazimika kuzing'oa ili zipite. Zikizidi, gentamisini huonekana dhaifu, hasa kwa Pseudomonas aeruginosa. Zikipungua, dutu yako huonekana kali kuliko ilivyo. Mchuzi wa LB, mchuzi wa kawaida wa kukuzia bakteria ambao watu wengi wanao tayari kwenye jokofu, haufai kwa kipimo hiki kwa sababu hiyo hiyo: madini yake hayajadhibitiwa.

Hatua ya 2: Akiba ya dawa

Uzito unaoonyeshwa na mizani si uzito wa dawa hai. Unga una maji, una chumvi, na cheti chake hutaja nguvu kwa mikrogramu za dawa hai katika kila miligramu ya unga. Hesabu ni hii: uzito (mg) = ujazo (ml) × ukolezi (mg/L) ÷ nguvu (µg/mg). Kwa ml 10 za akiba ya 1280 mg/L kutoka unga wenye nguvu ya 900 µg/mg, unahitaji mg 14.2. Usihangaike kufikisha namba hiyo kamili kwenye mizani. Pima karibu nayo, kisha rekebisha ujazo: ukipata mg 15.3, yeyusha katika ml 10.76.

Kwa dutu inayoyeyuka majini, chukua ml 1 ya akiba hiyo na mchuzi ml 9. Utapata 128 mg/L. Kwa dutu isiyoyeyuka majini, usifuate uwiano huo kwa DMSO (kiyeyushi kinachochanganyika na maji). Kuzimua mara kumi kunaacha DMSO asilimia 10, na ukishaongeza bakteria bado itabaki asilimia 5, kiasi kinachoweza kudhoofisha bakteria chenyewe. Tengeneza akiba ya 12,800 mg/L, uizimue mara mia: asilimia 1 sasa, asilimia 0.5 kwenye kishimo cha mwisho. Kisha angalia mchuzi dhidi ya mwanga. Dutu nyingi huganda zinapotoka kwenye DMSO kuingia majini, na chembe zake zitakudanganya wakati wa kusoma.

Gentamisini huyeyushwa katika maji. Andaa mchuzi wake wa 16 mg/L.

Hatua ya 3: Kuzimua kwenye sahani

Sahani iwe ya vishimo vyenye kitako cha mviringo. Safu mlalo A hadi C ni za dutu yako, D ni ya kiyeyushi peke yake, na G na H ni za gentamisini. E na F zaweza kubeba dutu ya pili.

Weka mikrolita 50 za mchuzi kwenye safu wima 2 hadi 11, na mikrolita 100 kwenye safu wima 12. Kwenye safu wima 1 weka mikrolita 100 za dawa: dutu kwa 128 mg/L, gentamisini kwa 16 mg/L, na kwa safu D mchuzi wenye DMSO asilimia 1. Hamisha mikrolita 50 kutoka 1 kwenda 2, changanya kwa kuvuta na kusukuma mara tano au sita bila kutoa mapovu, hamisha tena kwenda 3, endelea hadi 10, kisha tupa mikrolita 50 za mwisho. Safu wima 11 haipati dawa: ni kidhibiti cha ukuaji. Safu wima 12 haipati dawa wala bakteria: ni kidhibiti cha usafi.

Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Dawa iliyobaki ukutani mwa ncha huenda nawe hadi mwisho wa safu na kuifanya dutu ionekane na nguvu. Pipeti yenyewe nayo ipimwe kwa mizani mara kwa mara. Ikiwa inahamisha mikrolita 47 badala ya 50, kishimo cha pili hakitakuonyesha kitu, lakini baada ya hatua tisa cha kumi kitakuwa na takriban robo tatu tu ya ukolezi ulioandika kwenye daftari.

Jambo la plastiki. Peptidi zenye chaji chanya, zikiwemo zile ambazo mwili hutengeneza kujikinga, hunata kwenye polistaireni. Kwa peptidi tumia sahani na mirija ya polipropileni, na uzimue katika asidi asetiki ya asilimia 0.01 yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.2. Kolistini ina kanuni yake: sahani ya polistaireni isiyotibiwa, chumvi ya salfeti, bila polisobeti 80 (aina ya sabuni). Ukibadilisha plastiki katikati ya utafiti, matokeo ya zamani na mapya hayalinganishiki tena.

Hatua ya 4: Bakteria

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Otesha bakteria kwenye agari isiyobagua bakteria kwa saa 18 hadi 24. Chagua makoloni matatu hadi matano yanayofanana, uyachanganye katika maji ya chumvi ya asilimia 0.85 hadi yatibuke sawa na McFarland 0.5 (kiwango cha kulinganishia utibukaji). Kwa spektrofotomita, kwenye nanomita 625 na njia ya mwanga ya sentimita 1, usomaji uwe kati ya 0.08 na 0.13. Usipokuwa na kipimo hicho, kiwango cha kulinganishia hutengenezwa kwa ml 0.5 za kloridi ya bariamu ya 0.048 mol/L katika ml 99.5 za asidi salfuriki ya 0.18 mol/L. Kitikise vizuri kila unapokitumia, na kifunikwe kisipigwe na mwanga.

McFarland 0.5 ya E. coli ni kama bakteria milioni 100 hadi 200 kwa mililita. Chukua mikrolita 100, ongeza kwenye mchuzi ml 9.9, na una takriban milioni 1 kwa mililita. Weka mikrolita 50 kwenye kila kishimo cha safu wima 1 hadi 11. Ukolezi wa dawa unapungua nusu, hivyo dutu yako sasa inaanzia 64 na kuishia 0.125 mg/L, gentamisini 8 hadi 0.016, na bakteria ni laki tano kwa mililita, idadi inayotakiwa. Yote haya yaishe ndani ya dakika 30 tangu ulipotibua bakteria majini, la sivyo idadi itabadilika.

Usikisie idadi hiyo, ihesabu. Mara tu baada ya kuweka bakteria, toa mikrolita 10 kutoka kishimo cha ukuaji, uzichanganye katika ml 10 za maji ya chumvi, kisha sambaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho yake tarajia makoloni kama 50. Kati ya 20 na 80 inakubalika. Bakteria wakizidi mara kumi, MIC ya baadhi ya beta-laktamu (kundi la penisilini) hupanda vibaya kwa sababu kila bakteria analeta vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa.

Hatua ya 5: Inkubeta

Nyuzi 35, saa 16 hadi 20, hewa ya kawaida. Vankomaisini kwa stafilokoki iachwe saa 24 kamili. Inkubeta ya seli yenye kaboni dioksidi haifai: gesi hiyo hushusha pH, na gentamisini hupoteza nguvu kwenye asidi. Funika sahani, ziweke kwenye mfuko wa plastiki zisikauke, na zisipangwe juu kwa juu zaidi ya nne, maana ya katikati huchelewa kupata joto.

Hatua ya 6: Kusoma

Anza na safu wima 11 na 12. Ya 11 iwe imetibuka au ina kitone cheupe chini. Ya 12 iwe ang'avu. Kisha soma gentamisini. Ikiwa nje ya 0.25 hadi 1 mg/L, funga daftari: matokeo ya dutu yako siku hiyo hayasomwi, hata kama yanapendeza. Safu D nayo ioteshe bakteria kuanzia kishimo cha kwanza.

MIC ni kishimo cha kwanza ang'avu ukitoka upande wenye ukuaji. Kishimo kimoja kikiruka, yaani kiko safi katikati ya vilivyotibuka, soma MIC ya juu zaidi; vikiruka viwili, rudia safu hiyo. Dawa zinazozuia tu, kama kloramfenikoli na tetrasaiklini, huacha vitone vidogo sana kwenye vishimo vingi. Kwa stafilokoki na Gram-chanya wengine, hivyo hupuuzwa. Trimethoprimu husomwa pale ukuaji unapopungua kwa asilimia 80 au zaidi.

Kwa dondoo za mimea zenye rangi, macho hayatoshi. Ongeza mikrolita 30 za resazurini ya asilimia 0.015, rudisha kwenye inkubeta saa 2 hadi 4: bluu ni hakuna uhai unaoonekana, waridi ni bakteria wanapumua. Lakini dondoo zenye kemikali zinazotoa elektroni kwa urahisi hugeuza resazurini waridi zenyewe, kwa hiyo tenga vishimo vyenye dondoo bila bakteria.

Tofauti ya hatua moja ya kuzimua, mfano 4 na 8 mg/L, ni upana wa kipimo chenyewe. Usiiandikie aya. Na kwa dutu mpya usiandike kwamba bakteria ni "sugu" au "si sugu": maneno hayo yanahitaji mipaka iliyowekwa kwa wagonjwa, nayo dutu mpya haina.

Hatua ya 7: Je, imeua au imezuia tu?

Toa mikrolita 10 kutoka kila kishimo ang'avu, weka kwenye agari isiyo na dawa, otesha usiku mmoja. Kuua asilimia 99.9 ya laki tano ni kubakiza 500 kwa mililita, yaani makoloni 5 au pungufu kwenye mikrolita 10. Ukolezi mdogo kabisa unaofikia hapo huitwa MBC, yaani ukolezi mdogo kabisa unaoua. Ikiwa haizidi MIC mara nne, dutu huhesabiwa kuwa inaua. Sambaza tone kwa upana ili dawa iliyobebwa nalo isienee kuzuia makoloni pale pale. Dutu inayozuia tu haijashindwa kwa hilo: mwilini neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, humalizia kazi.

Sahani zote, pamoja na ncha, huingia otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) kwa nyuzi 121 kabla ya kutupwa.

Hatua ya 8: Rudia katika seramu

Dutu yenye MIC ya 2 mg/L kwenye mchuzi inaweza kupanda hadi 64 palipo na seramu, kwa kuwa albumini huishika na sehemu iliyo huru tu ndiyo inayofanya kazi. Rudia kipimo kwa mchuzi wenye seramu ya binadamu asilimia 50. Seramu hiyo ipashwe kwanza nyuzi 56 kwa dakika 30. Usipoipasha, komplementi, sehemu ya kinga ya mwili iliyomo humo, inaweza kuua bakteria wa Gram-hasi yenyewe, na sifa ikaenda kwa dutu yako. Kishimo cha ukuaji chenye seramu bila dawa ndicho kitakachokuonyesha kama kuipasha kumetosha: kisipotibuka, seramu bado inaua.