Mtufaha wa Nyumbani: Chagua Kwanza, Chimba Baadaye

Ukizika mbegu ya tufaha tamu ulilokula, mti utaota, sikatai. Ila matunda yake hayatafanana na lile, na unaweza kusubiri miaka 6 au zaidi kuona ua la kwanza. Ndiyo maana mitufaha hubebeshwa: kikonyo, yaani kijitawi, cha aina unayoitaka huungwa juu ya shina la mtufaha mwingine.

Kabla ya kununua mche, pima baridi ya mahali ulipo. Aina nyingi zinazojulikana huhitaji saa 800 hadi 1,000 zenye baridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo machipukizi yaamke. Zikikosa, mti husinzia, ukatoa majani machache nchani na maua ya kuhesabu. Kwenye joto tafuta aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyogunduliwa Bahamas. Hizi huridhika na saa 300 hivi au pungufu. Zinunue zote mbili, maana mitufaha mingi haijichavushi vizuri, na hizi huchanua wakati mmoja. Mti wa jirani wa aina nyingine nao hufaa, mradi nyuki wafike. Maua yakiwa wazi, weka bomba la dawa ya wadudu kando.

Sasa uliza swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau: shina la chini ni lipi? Hilo ndilo linaloamua urefu wa mti. Shina liitwalo M9 huuacha mti kwenye mita 2.5 hadi 3, hivyo kwa ua mdogo linafaa sana, lakini mizizi yake ni dhaifu na mti utahitaji nguzo maisha yake yote. Shina la MM106 huufikisha mita 4 hivi, husimama wenyewe ukishakomaa, tena hustahimili vidukari sufi, wale wanaoganda kwenye gome kama pamba.

Chunguza mche sentimita chache juu ya mizizi. Utaona uvimbe au kipindo kidogo. Hapo ndipo ulipoungwa. Uvimbe huo ubaki sentimita 10 juu ya udongo. Mti wangu wa kwanza niliufukia mpaka juu ya kiungo nikidhani nauimarisha. Kikonyo kikaota mizizi yake, shina la chini likapoteza kazi, na mti niliotaka uwe mfupi ukanipita paa. Usirudie kosa langu.

Mengine ya kupanda si magumu: shimo pana, samadi iliyooza vizuri, matandazo yasiyogusa shina, maji ya kutosha mwaka wa kwanza.

Kazi inayouma roho ni kupunguza matunda. Yakifikia ukubwa wa gololi, acha moja kila sentimita 10 hadi 15 na uangue mengine. Mbegu za matunda mengi huzuia machipukizi ya maua ya msimu unaofuata, hivyo mti usiopunguzwa huzaa sana mwaka huu na kukunyima mwaka ujao. Wakati wa kupogoa, ondoa matawi yanayosuguana na yanayoziba mwanga katikati, lakini viache vile vijitawi vifupi vyenye mikunjo, maana ndivyo hubeba maua. Chipukizi la ua ni nono na lenye manyoya, la jani ni jembamba lililobana tawi.

Kuvuna, usivute. Kamata tufaha kwa kiganja, liinue, zungusha kidogo. Lililoiva litaachia na kikonyo chake.