Mchunga: kuutambua, kuupanda na kuupika kwa tui

Masika yakianza, wateja wangu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, hawaachi kuniuliza kuhusu mchunga, ile mboga ya majani yenye uchungu: "Mama, huu wa porini au wa kupanda?" Wengi wanaamini mchunga wa kupanda umepoa, hauna uchungu wake. Mimi nauza wa kupanda, natoa kwenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba huku Pongwe, na waliouliza ndio hao hao wanaorudi. Basi nieleze ninavyofanya, tangu kuusaka hadi sufuriani.

Hatua ya 1: Utambue kwanza

Kitaalamu unaitwa Launaea cornuta. Ni wa ukoo mmoja na saladi na alizeti, na asili yake ni Afrika hii hii, haukuja na jahazi la mtu. Wadigo na Wagiriama wanauita mutsunga. Unaota kando ya njia, kwenye mashamba yaliyolimwa yakaachwa, katikati ya mistari ya mkonge.

Anza kuangalia chini. Majani ya shinani yamekusanyika pamoja na kulalia udongo. Ni marefu, membamba, laini yasiyo na manyoya, na pembeni yamekatika vipande vilivyochongoka mfano wa pembe za mbuzi mdogo. Yale ya juu kwenye bua ni machache na membamba zaidi. Sasa vunja jani moja. Maziwa meupe yatachuruzika papo hapo na kunata vidoleni. Kata bua: ndani ni wazi kama mrija. Maua yake ni madogo, ya manjano, na yakikomaa yanageuka sufi nyeupe inayopeperuka na upepo.

Maziwa peke yake yasikudanganye. Mziwaziwa nao una maziwa, ila majani yake yamekaa mawili mawili yakitazamana na yana vinyweleo. Mnyaa una maziwa makali, yakikuingia jichoni utajuta. Upo pia ndugu wa mchunga unaofanana nao sana, ila kingo za majani yake zina vijimiiba vinavyochoma. Mimi nikikosa dalili moja kati ya nilizotaja, sichumi. Na usitumie kuonja kama njia ya kutambua. Mboga huonjwa ikishajulikana.

Hatua ya 2: Ukichuma porini

Muulize mwenye shamba kama amepuliza dawa ya kuua magugu. Mchunga kwake ni gugu, na pengine ndio alioukusudia. Acha ulioota kando ya mitaro ya maji machafu, hata ukiwa umenawiri vipi. Hasa ukiwa umenawiri.

Hatua ya 3: Kupanda, na kuufunga

Mbegu zake zinaota, lakini zinachelewa na nyingi zinapeperuka. Njia ya haraka ni mizizi. Chimba pembeni ya shina taratibu, utakuta mzizi mweupe unaotambaa kwa upande chini ya udongo, ukitoa machipukizi huku na huku. Kata vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja kiwe na chipukizi au jicho. Vilaze kwenye mfereji wa kina cha kama sentimita 5, uache nafasi ya shubiri moja kati ya kipande na kipande, fukia, mwagia maji. Masika ya Machi au vuli ya Oktoba ndiyo wakati wake. Ukipanda kiangazi utapata kazi ya ndoo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilipanda ovyo, kwenye tuta jirani na muhogo. Msimu ule nilifurahi. Msimu uliofuata nikalima kwa jembe kama kawaida, na kila mzizi niliokata ukawa mche mpya. Kumbe nilikuwa naupanda kwa jembe! Ukahamia kwenye muhogo, ukapita chini ya ua, ukatokea kwa jirani kwenye kunde zake. Jirani yangu ni mtu mzima mwenye adabu zake, alichosema ni, "Mwanangu, mboga yako imekuja kunitembelea." Nikaenda kuing'oa kwa mikono, siku tatu, mgongo ukaniambia umri wangu.

Tangu hapo mchunga wangu unaishi kifungoni: matairi chakavu ya lori na mabeseni yaliyotoboka. Chini ya tairi natandika viroba viwili vya nailoni vilivyotobolewa matundu madogo ili maji yapite. Udongo ni mchanga wetu wa kawaida nikiuchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza, debe moja kwa madebe matatu ya udongo. Samadi mbichi inaunguza. Na maua nayakata kabla hayajatoa sufi, la sivyo kifungo hicho hakina maana.

Hatua ya 4: Kuvuna

Vuna asubuhi, majani machanga, kabla bua halijarefuka. Likishatoa maua, uchungu unazidi na jani linakuwa gumu. Kata kwa kisu juu kidogo ya udongo, usiling'oe shina. Ukimwagilia, litachipua tena na utarudi kuvuna tairi lile lile.

Hatua ya 5: Kupika

Kosa la wengi ni kuuchemsha na kuumwaga maji mara tatu hadi ubaki majani yasiyo na neno. Uchungu ndio mboga yenyewe. Unaupunguza, huufukuzi.

Osha, katakata, chemsha mara moja kwa dakika chache, mwaga maji, kamua kwa mikono. Ukiwa na wageni wasiouzoea, changanya na mchicha nusu kwa nusu. Chukua nazi moja uikune, kamua tui zito uliweke pembeni, kisha rudia chicha kwa maji upate tui jepesi. Bandika tui jepesi na kitunguu, nyanya, ngogwe (nyanya chungu) mbili tatu na uduvi uliokwisha oshwa mchanga. Ngogwe zikilainika tia mchunga, chumvi, acha uive.

Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na hapo huondoki. Koroga upande mmoja polepole mpaka lianze kutokota kwa mbali, epua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Ukipenda kamulia ndimu ukishaepua.

Watu watakuambia mchunga ni dawa ya tumbo, ya minyoo, ya homa. Bibi yangu aliamini hivyo, na maji ya kuchemshia hakumwaga, alikunywa. Mimi ni muuza mboga. Ukiwa na homa nenda ukapime, halafu rudi tule.

Utaupakua na bada la moto, yaani ugali wa muhogo. Ukibaki, usiupashe kwa moto mkali. Weka sufuria kwenye makaa yanayokufa, na asubuhi yake uchungu utakuwa umetulia ndani ya nazi. Nyumbani kwangu kiporo hicho ndicho kinachogombewa.