Kabla nchi ndogo haijaingia vitani kwa kuahidiwa ardhi

Ukiwa nchi ndogo na wakubwa wanakubembeleza uingie vita upande wao, kabla ya yote ulizia hiyo ardhi unayoahidiwa nani mwingine anaitaka. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Romania tarehe 17 Agosti 1916 walisaini mkataba wa siri na Uingereza, Ufaransa, Urusi na Italia wapigane na Ujerumani na wenzake, wakaahidiwa Transylvania, Bukovina na Banat, maeneo yaliyokuwa chini ya Austria-Hungaria, na wakati huo huo Serbia, ambaye yuko upande huo huo na anapigana tangu 1914, naye anaitaka Banat kwa sababu ya Waserbia waliojaa kule magharibi. Yaani washirika wawili wanagombea shamba moja na hakuna aliyewakalisha chini mapema wakamalizana.

Alafu angalia msaada utakufikiaje. Romania waliingia 27 Agosti wakavuka milima kwenda Transylvania, huku nyuma Wabulgaria na Wajerumani wakawapiga kutokea kusini, jeshi la washirika lililokuwa Thessaloniki, Ugiriki, ambalo ndo lilitegemewa kuwabana Wabulgaria halikuweza kuwazuia, na kufika 6 Desemba mji mkuu wao Bucharest umeshaanguka. Miezi minne haijaisha!

Kingine, na hiki ndo kinaniuma zaidi, soma vizuri kipengele kinachokataza kufanya amani peke yako, na mkataba wa Romania ulikuwa nacho. Urusi ilipotoka vitani baada ya mapinduzi Romania walibaki wamezungukwa na maadui kila upande, wangefanya nini? Mei 1918 wakasaini amani na Wajerumani, wakarudi vitani 10 Novemba, siku moja tu kabla ya mapigano kusimamishwa. Waziri mkuu wao Brătianu alipofika kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919 na karatasi yake ya 1916 akaambiwa ule mkataba ulishakufa siku mliposaini na adui. Mimi naona walionewa kabisa, ila karatasi ndo ilivyosema.

Na usisahau askari wako watakuwa wamesimama wapi vita ikiisha. Waserbia waliingia Timișoara, mji mkubwa wa Banat, Novemba 1918, Warumania hawapo, na Paris ikaishia kuigawa Banat: Romania sehemu kubwa ya mashariki pamoja na Timișoara, Waserbia magharibi, Hungaria kipande kidogo karibu na Szeged. Hata huku kwetu ilikuwa hivyo hivyo, Ubelgiji nchi ndogo tu lakini askari wake wa kutoka Kongo walifika mpaka Tabora, iliyokuwa ya Wajerumani, Septemba 1916, kwa hiyo 1919 walikuwa na cha kuweka mezani, Tabora wakawaachia Waingereza, wao wakabaki na Ruanda na Urundi.