Jinsi ya Kuandaa Dai la Uzembe wa Kitabibu Zanzibar: Anzia Kwenye Faili

Mtu akiumizwa na matibabu, au akifiwa na mgonjwa aliyeingia hospitali kwa miguu yake, jirani wa kwanza atamwambia: tafuta wakili. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Chake Chake, na ushauri wangu ni kuwa wakili asubiri kidogo. Madai mengi huanguka kwa kukosa karatasi, na haki ya mtu ikabaki mdomoni tu.

Anza kwa kuandika. Kaa na yule aliyemuuguza mgonjwa, siku hiyohiyo ikiwezekana, kabla habari haijapita midomo mingi ikabadilika. Andikeni saa na tukio, basi: "Saa 2 usiku tumefika wodini. Saa 5 mkunga kampima. Baada ya adhana ya alfajiri tumemwita daktari. Saa 3 asubuhi kapelekwa operesheni." Usiandike "walimpuuza". Andika nani alisema nini na nani alikuwepo akisikia.

Kisha omba nakala ya faili la mgonjwa. Barua iwe fupi, iende kwa mganga mkuu wa hospitali:

"Mimi ni mume wa mgonjwa aliyelazwa wodi ya wazazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Naomba nakala kamili ya faili lake, ikiwemo karatasi ya kulazwa, chati ya dawa, majibu ya vipimo, fomu ya ridhaa ya operesheni na karatasi ya kuruhusiwa."

Mgonjwa akiwa hai na ana fahamu zake, atie saini yeye mwenyewe. Akiwa amefariki, ambatisha cheti cha kifo na barua ya sheha inayoeleza uhusiano wenu, pamoja na nakala ya Kitambulisho chako cha Mzanzibari. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kama mgonjwa alihamishwa, tuseme kutoka Abdalla Mzee kule Mkoani kwenda Mnazi Mmoja, andika barua kwa hospitali zote mbili na uulizie karatasi ya rufaa, kwani hapo ndipo saa ya kuondoka inapoonekana.

Kwa kesi za uzazi, itafute patografu, ile karatasi ya mistari ambayo mkunga hujaza uchungu unavyokwenda. Mapigo ya moyo wa mtoto hutakiwa kuandikwa kila nusu saa, na njia ya uzazi kupimwa kila baada ya saa 4. Ukiona nafasi tupu ya saa tatu mfululizo, usiichoree wala usiandike chochote juu yake. Mwoneshe wakili ilivyo. Nafasi tupu haithibitishi kwamba mama hakuangaliwa, lakini inamlazimu mtu kueleza.

Risiti weka pamoja: dawa, boti, gari, kipimo kilichofanywa nje, meseji za pesa ulizotumiwa kwa simu. Fidia hujengwa juu ya hizo.

Sasa la uzito. Kwetu maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na familia nyingi hazitaki kusikia habari ya uchunguzi wa maiti. Naiheshimu sana hofu hiyo. Ila mjue kabla ya kuamua kwamba bila uchunguzi, sababu ya kifo itabaki ile iliyoandikwa na hospitali mnayoilalamikia. Mkae wakubwa wa familia, mumuulize na sheikh wenu, lakini mkae kabla ya kaburi kuchimbwa.

Karatasi zikiwepo, amua unachotaka. Malalamiko kwa uongozi wa hospitali, au kwa baraza linalosimamia madaktari au wauguzi, yanahusu nidhamu: mtu anaweza kuonywa au kuzuiwa kazi. Fidia unaifuata mahkamani. Waweza kufanya yote mawili, ila usingojee moja limalizike ndipo uanze jengine, maana sheria ina ukomo wa muda wa kufungua dai.

Hapa ndipo wakili anapoingia. Uingereza kuna mawakili wanaoshughulikia uzembe wa kitabibu peke yake: mmoja hukutana na mteja na kukusanya jalada, mwengine hutoa rai ya kisheria na kusimama mbele ya jaji. Kwetu aghlabu mmoja hubeba yote. Asiye na uwezo wa kulipa aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kina ofisi Unguja na hapa Chake Chake, au kwa msaidizi wa sheria wa karibu naye.

Wakili atakuuliza kama daktari alikosea, kisha kama kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Swali la pili ndilo linaloumiza. Katika kesi moja ya London iliyoripotiwa 1969, mlinzi wa usiku alitapika baada ya kunywa chai, akafika hospitali, daktari akaagiza arudi nyumbani bila kumwangalia. Akafa kwa sumu ya aseniki. Jaji alisema daktari amezembea, lakini mjane akashindwa, kwa kuwa hata angelitibiwa, dawa isingeliwahi kumwokoa. Ndiyo maana utahitaji rai ya daktari bingwa asiyehusika. Visiwani madaktari wanajuana, kwa hivyo mara nyingine ni bora kumtafuta Dar es Salaam.

Baadaye wakili hutuma notisi ya madai, yaani barua ya kuiarifu hospitali kwamba itadaiwa, kisha hufungua hati ya madai mahkamani. Hospitali ikiwa ya Serikali, Mwanasheria Mkuu huingizwa kwenye kesi, na taratibu zake za notisi ni za peke yake. Mwachie wakili azihesabu.

Huenda ukaitwa kwenye suluhu kabla kesi haijasikilizwa. Usitie saini siku hiyohiyo. Chukua karatasi nyumbani, isomewe familia, na uangalie kama inasema malipo hayo yanafunga pia matibabu ya baadaye. Mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa atahitaji mazoezi ya viungo, dawa na mtu wa kumwangalia miaka yote.