Kuwafundisha madaktari tarajali dawa za magonjwa ya akili

Ukiletewa madaktari tarajali wodini, usianze na ubao. Chagua dawa chache zilizomo kwenye kabati lenu: haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini kwa anayesikia au kuona yasiyokuwepo, kabamazepini kwa anayepandwa na kushukwa na hisia kupita kiasi, na fluoksetini kwa mwenye sonona. Hizo wazijue hasa.

Halafu nenda nao kitandani. Mimi huanza na haloperidoli, maana madhara yake yanaonekana na yanashikika. Shika mkono wa mgonjwa, ukunje na kuukunjua taratibu kwenye kiwiko, kisha mwachie daktari tarajali naye ajaribu. Akishausikia unakwenda kwa kukwamakwama kama gurudumu lenye meno, hatasahau.

Wape na kisa cha kijana aliyeanza dawa hiyo juzi: leo shingo imepinda, macho yametazama juu, ulimi umekakamaa. Kuna ndugu watakaosema pepo amepanda, na usiku huohuo watamwondoa. Sindano ya prometazini itamfungua, au benzheksoli, ile tunayoiita Artane. Lakini mama yake ataambiwa nini? Asipoelezwa, vidonge vyote vitaishia jalalani. Ndiyo maana sisaini cheti cha kumaliza mafunzo wodini mpaka daktari tarajali ameeleza mbele yangu, kwa Kiswahili cha nyumbani, dawa inafanya kazi gani, nafuu itaanza lini, inaweza kusumbua vipi, na wakiona nini warudi haraka.

Kuna kosa linaloniuma zaidi. Mgonjwa hatulii, anakaa, anasimama, anapigapiga hatua palepale. Kwenye faili inaandikwa: "Bado ana fujo, dozi iongezwe." Mfundishe aulize kwanza: "Unahangaika moyoni, au ni miguu inayokataa kutulia?" Akijibu miguu, na hali hiyo imeanza baada ya dawa, basi huenda dawa ndiyo inayomtesa. Ukiongeza dozi unamwongezea mateso.

Fluoksetini: wasiibadilishe baada ya siku tano, inahitaji wiki kadhaa. Kabamazepini: kabla ya kuandika, waulize kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za VVU. Inapunguza nguvu ya vidonge hivyo, na inashusha kiwango cha dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, mwilini. Maswali haya yaulizwe faragha, ndugu wakiwa nje.

Wiki ya mwisho mwachie kliniki, wewe ukae kiti cha pembeni. Usimsahihishe mbele ya mgonjwa, isipokuwa dozi imekosewa. Mengine mzungumze mgonjwa akishatoka, kabla hujamwita anayefuata.